SPANA NDEFU ZA PETE: SAYANSI YA KUCHAGUA ZANA IMARA KWA FEDHA KIDOGO

Katika kijiji chenye kisima kimoja, nati moja iliyolika pembe yaweza kuwanyima watu maji kwa siku nyingi. Pampu yenyewe huwa nzima, na kipuri cha kubadilisha huenda kimekwisha nunuliwa. Lakini nati haifunguki, kwa sababu spana iliyotumiwa haikulingana nayo, ikateleza, ikazila pembe zake zote sita. Ndivyo ilivyo pia katika kinu cha kusaga mahindi, katika gereji ya magari na katika karakana ya shule. Bei ya spana mbaya hailipwi dukani tu. Hulipwa tena siku ya kazi, kwa bolti iliyokatika, kwa mkono uliochubuka, na kwa mashine iliyosimama.

Waundaji wa mitambo wanalijua jambo hili. Pampu ya mkono iitwayo Afridev, ambayo iliendelezwa katika miaka ya 1980 kwa majaribio yaliyofanywa Malawi na Kenya, iliundwa makusudi ili wanakijiji wenyewe waweze kuifungua na kuitengeneza kwa zana chache mno, na spana ni mojawapo. Mpango wa namna hiyo hufaulu ikiwa tu spana ile moja ni nzuri.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua aina moja ya spana, yaani spana ndefu yenye pete pande zote mbili, kwa mtu au shule isiyo na fedha nyingi. Mwanafunzi wa fizikia ataona kwamba mambo anayojifunza darasani juu ya wenzo, momenti na msuguano yamo yote ndani ya kipande hiki cha chuma.

Spana ya pete ni nini?

Spana zinazotumika sana ni za namna mbili. Ya kwanza ni spana ya mdomo wazi, ambayo mafundi wengi huiita flati. Hiyo huishika nati kwa taya mbili. Ya pili ni spana ya pete, ambayo mafundi huiita ringi. Kichwa chake ni pete iliyofunga, yenye meno ndani, nayo huizunguka nati yote. Spana tunayoizungumzia hapa ina pete kila mwisho wa mpini, na kwa kawaida pete hizo ni za vipimo viwili tofauti, kwa mfano milimita 14 upande mmoja na milimita 17 upande wa pili.

Faida ya pete juu ya taya yaweza kuonyeshwa kwa hesabu. Tuchukue nati ya pembe sita ambayo upana wake, kutoka ubapa mmoja hadi ubapa unaoelekeana nao, ni milimita 17. Urefu wa kila upande wa nati hiyo ni 17 kugawanya kwa kipeo cha pili cha 3, yaani milimita 9.8. Spana inapozungushwa, husukuma karibu na pembe ya nati. Kani inayosukuma ubapa pale penye pembe ina mkono wa momenti ulio sawa na nusu ya upande, yaani milimita 4.9 tu, ikiwa tutapuuza msuguano. Sasa tuseme nati yahitaji momenti ya nyutoni-mita 60 ili ifunguke. Spana ya mdomo wazi hushika pembe mbili, kwa hiyo kila pembe hupokea kani ya

60 ÷ (2 × 0.0049) = nyutoni 6,100 hivi.

Spana ya pete hushika pembe zote sita, kwa hiyo kila pembe hupokea

60 ÷ (6 × 0.0049) = nyutoni 2,040 hivi.

Mzigo wa kila pembe umepungua hadi theluthi moja. Zaidi ya hayo, taya za mdomo wazi zikilemewa hupanuka, lakini pete, kwa kuwa imefunga, haipanuki kwa urahisi. Hii ndiyo sababu fundi hodari hulegeza nati ngumu kwa pete kwanza, kisha huimalizia kwa mdomo wazi kwa ajili ya haraka.

Hata hivyo, pete ina upungufu wake. Haiwezi kuingia katika nati iliyopitiwa na mrija, kama nati za mirija ya breki au ya mafuta, kwa kuwa pete lazima ivikwe kutoka juu. Kwa hiyo spana ya pete haiondoi haja ya kuwa na spana chache za mdomo wazi.

Pembe sita au pembe kumi na mbili?

Mnunuzi akitazama ndani ya pete ataona ama pembe 6 ama pembe 12. Pete ya pembe 6 hulazimu mpini uzungushwe nyuzi 60 kabla ya kuondolewa na kuvikwa upya. Pete ya pembe 12 hutosheka na nyuzi 30. Ndani ya injini, ambako nafasi ya kuzungusha mkono ni finyu, tofauti hiyo ni kubwa, na kwa sababu hiyo spana nyingi za pete zina pembe 12. Kwa upande mwingine, pete ya pembe 6 huukumbatia ubapa wa nati kwa eneo kubwa zaidi, nayo hufaa kwa nati zilizoshikwa na kutu au zilizokwisha kulika kidogo. Mwenye fedha za seti moja tu afadhali anunue ya pembe 12 iliyo na kipimo sahihi, kisha baadaye aongeze moja au mbili za pembe 6 kwa vipimo vinavyomsumbua zaidi.

Kipimo sahihi ni jambo kubwa kuliko idadi ya pembe. Pete ya milimita 18 ikivikwa nati ya milimita 17, huzunguka bure takriban nyuzi 6 na nusu kabla ya kugusa, na inapogusa hugusa ncha tu ya pembe. Chuma cha nchani ni chembamba. Hupondeka, nati ikaanza kuwa duara. Pete ikiwa pana kwa kiasi cha asilimia 15 na nusu kuliko nati, haishiki kabisa, bali huzunguka tu, maana umbali kati ya pembe mbili za nati zinazoelekeana ni mara 1.155 ya umbali kati ya bapa zake. Lakini nati halisi huharibika mapema mno kabla ya kufikia hapo.

Kwa nini ndefu?

Spana ni wenzo. Egemeo lake ni katikati ya bolti, na momenti ni kani ya mkono ikizidishwa kwa umbali kutoka katikati ya bolti hadi katikati ya kiganja. Tuseme fundi anavuta kwa kani ya nyutoni 250, ambayo ni sawa na uzito wa mzigo wa kilo 25 hivi. Kiganja kikiwa mbali kwa mita 0.20, momenti ni nyutoni-mita 50. Kikiwa mbali kwa mita 0.32, momenti ni nyutoni-mita 80. Fundi hakuongeza nguvu, wala jasho, ila amepata zaidi ya nusu ya momenti aliyokuwa nayo mwanzo.

Mwanafunzi asidhani kwamba hapa kimepatikana kitu cha bure. Ili kuzungusha nati kwa nyuzi 30 kwa momenti ya nyutoni-mita 80, mwenye spana fupi lazima avute nyutoni 400 katika njia ya mita 0.105, mwenye spana ndefu huvuta nyutoni 250 katika njia ya mita 0.168. Kazi iliyofanyika kwa wote wawili ni juli 42 hivi. Spana ndefu hupunguza kani na kuongeza njia, basi.

Kuna faida ya pili isiyoonekana katika hesabu hiyo. Mtu anayevuta kwa kani ndogo huweza kuutawala mkono wake. Nati ngumu inapoachia ghafla, aliyekuwa akivuta kwa nguvu zake zote hupiga ngumi kwenye chuma. Aliyekuwa akivuta taratibu husimama.

Hata hivyo momenti yote hupatikana pale tu mkono unapovuta kwa pembe mraba na mpini. Ukivuta kwa pembe ya nyuzi 60, unapata asilimia 87 tu. Tena, spana nyingi za pete zina shingo iliyopinda ili vidole visigonge mashine. Mpindo huo unafaa, lakini una gharama yake: mkono huvuta katika bapa lililo juu ya bapa la nati. Mpindo ukiwa wa milimita 25, kani ya nyutoni 250 huzaa momenti ya nyutoni-mita 6.25 inayotaka kuiinamisha pete na kuing'oa juu ya nati. Dawa yake ni rahisi: mkono mmoja uvute mpini, wa pili uikandamize pete juu ya nati.

Urefu pia ni hatari

Bolti ni mfano wa springi ngumu. Tunapoikaza, tunainyoosha kidogo sana, na mvuto huo ndio unaobana vipande viwili pamoja. Lakini sehemu ndogo tu ya momenti tunayotoa ndiyo inayoinyoosha bolti. Kwa kawaida karibu nusu humezwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti au chini ya nati, na karibu asilimia 40 humezwa na msuguano wa hesi. Takriban asilimia 10 tu ndiyo inayofanya kazi tuliyoikusudia. Hii ndiyo sababu bolti iliyotiwa oili, ikikazwa kwa momenti ileile, hunyooka kupita kiasi: msuguano umepungua, na sehemu iliyobaki imekwenda kwenye bolti.

Kila bolti ina kiasi chake. Bolti zilizoandikwa 8.8 kichwani, ambazo hutumika sana katika magari na mitambo, zikiwa kavu hukazwa takriban hivi:

M6 (kipenyo milimita 6): nyutoni-mita 10
M8: nyutoni-mita 25
M10: nyutoni-mita 50
M12: nyutoni-mita 85

Sasa linganisha na spana yetu ndefu iliyotoa nyutoni-mita 80. Kwa bolti ya M12 inafaa kabisa. Kwa bolti ya M8 ni zaidi ya mara tatu ya kiasi, na kwa M6 ni mara nane. Bolti hizo ndogo zitakatika kabla fundi hajahisi kwamba amevuta sana. Ndiyo maana watengenezaji huongeza urefu wa mpini kadiri kipimo cha pete kinavyoongezeka. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kununua kwa busara ni hii: nunua spana ndefu kwa vipimo vya milimita 14 na kuendelea, kwa vipimo vya milimita 8 na 10, spana fupi ya kawaida ni bora na ni ya bei nafuu. Na spana ndefu kwa jumla itazamwe kuwa ni zana ya kulegezea. Anayekaza kwa spana ndefu aushike mpini karibu na pete, wala asiushike mwishoni.

Chuma chenyewe

Mpini mrefu huleta momenti kubwa shingoni mwa spana, mahali ambapo mpini unaungana na pete. Je, mpini utapinda? Tuseme mpini una unene wa milimita 7, na kimo chake, yaani upana unaoelekea upande wa kuvutia, ni milimita 14. Mkazo mkubwa kabisa katika mpini wa namna hiyo hupatikana kwa kanuni:

mkazo = 6 × momenti ÷ (unene × kimo × kimo)

Kwa momenti ya nyutoni-mita 80, ambayo ni nyutoni-milimita 80,000:

mkazo = 480,000 ÷ (7 × 14 × 14) = nyutoni 350 kwa kila milimita mraba.

Chuma laini cha pua, kile cha nondo na vyuma vya madirisha vya kawaida, huanza kupinda moja kwa moja kwenye mkazo wa nyutoni 250 hivi kwa milimita mraba. Spana ya chuma hicho, hata ikipakwa kromi ikang'aa kama kioo, itapinda siku ya kwanza ya kazi ngumu. Chuma chenye kromi na vanadi, kikiisha kutiwa moto na kuzimishwa ipasavyo, hustahimili zaidi ya nyutoni 1,000 kwa milimita mraba bila kupinda. Hicho kitafanya kazi ile kwa theluthi moja tu ya uwezo wake.

Aina moja ya chuma hicho inayojulikana sana ina kaboni asilimia 0.5 hivi, kromi asilimia 1 hivi, na vanadi asilimia 0.15 hivi. Viasi ni vidogo, lakini vina kazi kubwa. Kromi huwezesha chuma kuwa kigumu mpaka ndani wakati wa kuzimishwa, na vanadi huzifanya chembe zake ziwe ndogo, jambo linalozuia kuvunjika. Baada ya kufuliwa kwa pigo katika kalibu, spana hupashwa moto mpaka kuwa nyekundu, ikazimishwa katika oili, kisha ikapashwa tena moto wa kadiri ili ugumu usigeuke kuwa wepesi wa kuvunjika. Spana isiyopitia hatua hizi haiwi spana kwa sababu tu ya jina lililochapwa juu yake.

Kanuni ile ya mkazo inafundisha jambo jingine. Kimo kinajirudia mara mbili katika hesabu. Ukiongeza kimo kutoka milimita 14 hadi 16, uzito wa mpini huongezeka kwa asilimia 14, lakini nguvu zake huongezeka kwa asilimia 31. Kwa hiyo spana nzito si lazima iwe imara kuliko nyepesi. Tazama umbo: mpini mzuri una kimo kikubwa na unene wa wastani.

Vipimo: milimita, inchi na Whitworth

Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza hesi za bolti ziwe za aina moja kwa mashine zote, zenye pembe ya nyuzi 55. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers alipendekeza pembe ya nyuzi 60, na pembe hiyo ndiyo iliyochukuliwa baadaye hata katika hesi za milimita zinazotumika sasa. Historia hii ingali hai katika masanduku ya zana ya Afrika Mashariki, kwa sababu mashine za zamani za Kiingereza, zile za Kimarekani na magari ya Kijapani hukutana katika gereji moja.

Mnunuzi na akumbuke mambo matatu. Kwanza, namba iliyo juu ya spana ya milimita au ya inchi za kawaida ni upana wa nati kutoka ubapa hadi ubapa, bali namba iliyo juu ya spana ya Whitworth ni kipenyo cha bolti. Kwa hiyo spana ya Whitworth iliyoandikwa nusu inchi ni kubwa mno kuliko spana ya kawaida ya nusu inchi. Pili, baadhi ya vipimo vya inchi vinakaribiana na milimita, na vingine vinadanganya. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, nayo hufaa kwa nati ya 19. Lakini 11/16 ya inchi ni milimita 17.46, kwenye nati ya 17 inalegea karibu nusu milimita, na nati itaharibika. Tatu, bolti ya kipenyo kilekile yaweza kuwa na kichwa cha upana tofauti kutoka nchi hadi nchi. Bolti ya M10 ina kichwa cha milimita 14 katika magari mengi ya Kijapani, milimita 16 kwa kanuni za kimataifa, na milimita 17 katika kanuni za zamani za Kijerumani. Basi pima nati za mashine ulizo nazo kabla ya kwenda dukani.

Zipi zinunuliwe kwanza?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Seti kubwa huvutia macho, na bei ya spana moja ndani yake huonekana ndogo. Lakini fundi hanunui idadi ya vyuma. Hununua uwezo wa kufungua nati alizo nazo.

Tazama mifano miwili. Seti ya kwanza ina spana tano: 10 kwa 11, 12 kwa 13, 14 kwa 15, 16 kwa 17, na 18 kwa 19. Inatoa vipimo kumi, kila kimoja mara moja. Seti ya pili ina spana nne: 10 kwa 12, 12 kwa 14, 14 kwa 17, na 17 kwa 19. Inatoa vipimo vitano tu. Kwa haraka tungesema ya kwanza ni bora. Lakini kazi nyingi huhitaji spana mbili za kipimo kimoja: ya kushikia kichwa cha bolti upande huu, na ya kuzungushia nati upande ule. Katika seti ya pili, vipimo vya 12, 14 na 17 vimo mara mbili, kwa sababu kila spana inarudia kipimo cha jirani yake. Kwa gari la Kijapani, kama Toyota, ambalo nati zake nyingi ni za 10, 12, 14, 17 na 19, seti hii ndogo inafanya kazi kubwa kuliko ile ya kumi. Kwa magari ya Ulaya na mashine zenye nati za 13, 16 na 18, hesabu hubadilika, na seti ya kwanza inafaa, ikisaidiwa na spana za mdomo wazi.

Kwa shule au kijiji chenye pampu na kinu, utaratibu mzuri ni huu: andika orodha ya nati zote za mashine, hesabu kila kipimo kinatokea mara ngapi, kisha nunua spana moja moja za ubora mzuri kwa vipimo vitatu au vinne vinavyotokea zaidi. Nyingine zitangoja mwaka ujao.

Kukagua spana dukani

Iwe ni katika maduka ya Gerezani mjini Dar es Salaam, au ya Kirinyaga Road mjini Nairobi, au katika zana za mtumba zilizotandazwa sokoni, macho na vidole vyaweza kuamua mengi.

Soma maandishi, lakini usiyaamini peke yake. Spana nzuri huandikwa kipimo, jina la mtengenezaji na mara nyingi aina ya chuma. Baadhi huandikwa pia namba ya kanuni, kama DIN 838, ambayo ni kanuni ya Kijerumani ya spana za pete mbili zenye shingo iliyopinda sana. Maandishi huweza kuigizwa. Ndiyo maana ukaguzi uendelee.

Chukua bolti mpya na safi ya kila kipimo, uivike pete. Iingie bila kulazimishwa, na isicheze ila kidogo sana. Bolti mbili au tatu mfukoni ni kipimo cha bei rahisi kuliko vyote.

Tazama meno ya ndani. Yawe makali, yanayolingana, na yafike karibu na ukingo wa pete. Pete yenye mdomo mpana uliochongwa mviringo kabla ya meno kuanza haiwezi kushika kichwa chembamba cha bolti.

Tazama ukuta wa pete. Uwe na unene ulio sawa pande zote. Tundu lisilo katikati ni dalili ya kalibu mbovu. Ukuta mnene mno nao ni kasoro, kwa sababu pete haitaingia mahali finyu. Chuma kizuri huruhusu ukuta mwembamba.

Tazama mpini kwa jicho moja kutoka mwisho hadi mwisho. Usiwe umepinda pembeni wala kujisokota. Kromi isiwe na malengelenge, maana itabanduka na kukata viganja.

Kwa spana za mtumba, tafuta nyufa. Ining'inize kwa uzi na uigonge taratibu kwa chuma kingine: nzima hulia kwa mlio wa kudumu, iliyopasuka mara nyingi hulia kwa mlio mfupi uliokufa. Zana nzuri ya mtumba isiyo na ufa ni bora kuliko mpya ya chuma laini.

Matumizi na utunzaji

Usichomeke bomba kwenye mpini ili kuurefusha. Bomba linaloongeza urefu mara mbili huongeza na momenti mara mbili, na mpini wa milimita 14 tuliouhesabu haukuundwa kwa hilo. Spana ikivunjika chini ya mzigo huo, kipande chake huruka.

Nati ikigoma, tumia akili kabla ya nguvu. Safisha hesi kwa brashi ya waya, tia mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi, na uiache kwa saa kadhaa. Gonga nati kwa nyundo ndogo ili kutikisa kutu. Kama hakuna petroli, mpira wala gesi karibu, nati yaweza kupashwa moto: tundu la milimita 10 likipashwa nyuzi 200 zaidi kuliko bolti hupanuka kwa 10 × 0.000012 × 200, yaani milimita 0.024. Kiasi hicho ni chembamba kuliko unywele, lakini hutosha kuvunja kutu.

Vuta spana kuelekea kwako, usiisukume. Ukilazimika kusukuma, sukuma kwa kiganja kilichofunguka. Kazi ikiisha, futa spana kwa kitambaa chenye oili kidogo, na uitundike mahali pake ubaoni. Spana iliyochorewa alama ya umbo lake ukutani haipotei bila kuonekana kwamba imepotea, na zana isiyopotea ndiyo iliyo rahisi kuliko zote.

Jaribio la darasani: kutafuta ufa

Vifaa: spana kuukuu chache, mafuta ya taa, kitambaa, chaki nyeupe iliyosagwa.

Utaratibu: Safisha spana na uikaushe vizuri. Itumbukize katika mafuta ya taa kwa dakika 15, mbali na moto. Itoe, uifute mpaka ikauke juu. Ipake unga wa chaki, hasa kwenye pete na shingo. Ngojea dakika kumi.

Matokeo: Penye ufa, mafuta yaliyoingia ndani hufyonzwa na chaki, na mstari wa rangi ya giza hujitokeza. Wanafunzi waeleze ni kwa nini mafuta huingia katika ufa mwembamba na kwa nini chaki huyatoa. Spana zilizoonekana na ufa zitolewe katika matumizi.

Maswali

1. Nati ya M12 yahitaji momenti ya nyutoni-mita 85. Kiganja kiko mita 0.34 kutoka katikati ya nati. Mkono uvute kwa kani gani?
2. Nati ina upana wa milimita 24 kutoka ubapa hadi ubapa. Je, umbali kutoka pembe hadi pembe ni kiasi gani?
3. Seti ina spana za 8 kwa 10, 10 kwa 12, 12 kwa 14, 14 kwa 17, na 17 kwa 19. Inatoa vipimo vingapi, na vingapi vimo mara mbili?
4. Andika orodha ya nati zote za baiskeli, pampu au mashine moja iliyo karibu na shule yenu, kisha pendekeza spana tatu za kununuliwa kwanza. Toa sababu.

Majibu: (1) Nyutoni 250. (2) Milimita 27.7. (3) Vipimo sita. Vinne vimo mara mbili, navyo ni 10, 12, 14 na 17. (4) Jibu litategemea mashine iliyochaguliwa. Mwalimu aangalie kama sababu zimetokana na vipimo vilivyopimwa, wala si kwa kukisia.